Mgeni wa Mtoni na Kijana wa Cyanzarwe



Mwaka 1899 kijana wa Kiingereza aitwaye Ewart Grogan, akiwa katika safari yake mashuhuri ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Kairo, alipita kando ya Ziwa Kivu na chini ya milima ile ya volkeno ambayo hata leo mtu aliyesimama Cyanzarwe, wilayani Rubavu, huiona asubuhi mawingu yanapojitenga. Miaka sita baadaye, mwaka 1905, Grogan huyohuyo alifanya mpango yakaletwa Kenya mayai ya samaki aitwaye trauti kutoka ziwa la Loch Leven huko Scotland, na vifaranga vyake vikatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Na mwaka 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, hadharani, aliwachapa viboko Waafrika watatu waliokuwa wakivuta kigari cha abiria.

Nayataja mambo haya matatu kwa pamoja kwa sababu uvuvi nitakaoueleza leo uliingia Afrika Mashariki kwa mlango huo. Mwenye ufito alikuwa bwana, na mwenyeji aliyeujua mto alikuwa mchukuzi wa mizigo. Swali letu juma hili ni jinsi ya kumfanya kijana wa mashambani awe mwalimu wa mgeni huyo, aongoze mbele badala ya kufuata nyuma, na alipwe kwa kile anachokijua.

Pengine atakuwapo msomaji atakayeuliza, ni uvuvi gani huo unaohitaji kiongozi? Uvuvi wenyewe ni huu. Badala ya nyungunyungu au kipande cha nyama, ndoana ndogo huvishwa manyoya ya jogoo, uzi na sufu, hata ikafanana na mdudu aangukaye majini. Nzi huyu wa bandia hana uzito wowote. Ukijaribu kumtupa kama jiwe atakurudia usoni. Uzito umo katika mshipi, ambao ni mnene kuliko mishipi ya kawaida, nao hurushwa nyuma na mbele kwa ufito mrefu mwembamba mpaka unyooke hewani na kumlaza nzi juu ya maji kwa upole, kana kwamba ameshuka mwenyewe. Mimi nilipojaribu mara ya kwanza, kitu cha pekee nilichokinasa kilikuwa kofia yangu.

Tena, wengi wa wapenzi wa mchezo huu hawatafuti kitoweo. Humtoa samaki ndoana na kumrudisha majini akiwa hai. Najua kwamba mama mwenye watoto watano ataisoma sentensi hiyo mara mbili na kutikisa kichwa. Walakini hapo ndipo ulipo uchumi wa jambo lenyewe. Samaki aliyepikwa hulipiwa mara moja tu. Samaki aliyerudishwa mtoni atalipiwa tena na mgeni wa kesho, na wa mwezi ujao. Anacholipia mgeni ni siku nzima ya kuwa mahali pazuri pamoja na mtu anayepafahamu.

Askari polisi wengi wa Kenya wanaikumbuka Kiganjo kwa gwaride, baridi ya alfajiri na sauti ya mkufunzi. Jirani na chuo chao kipo kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vya trauti, kilichoanzishwa mwaka 1948, na mito ya Sagana na Thego inayoteremka kutoka Mlima Kenya ina samaki hao mpaka leo. Hata nyumba ya Sagana, ambamo Binti Mfalme Elizabeth alikuwa Februari 1952 alipoletewa habari ya kifo cha baba yake, imejengwa katika eneo hilo la mito ya trauti. Katika zama hizo mzungu alikata leseni akavua; mtoto wa kijiji aliyekutwa na samaki yuleyule bila leseni aliitwa mwizi. Na bado ni mtoto huyo aliyejua ni chini ya mwamba upi samaki mkubwa amelala. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, walisema wazee wa pwani, lakini hawakusema kwamba ajuaye ndiye alipwaye.

Jambo hili halikutokea Afrika peke yake. Kaskazini kabisa mwa Marekani, katika jimbo la Alaska, iko Ghuba ya Bristol ambako samoni wekundu hupanda mitoni kila kiangazi kwa wingi usio na mfano duniani. Wageni wenye fedha huruka kwa ndege ndogo kwenda kuvua huko kwa nzi wa bandia. Kwa miaka mingi waliowaongoza walikuwa vijana kutoka majimbo mengine, ilhali vijana wa vijiji vya wenyeji, ambao mababu zao waliishi kwa samaki hao kabla ya ndege kubuniwa, walibaki kuzitazama ndege zikipita juu ya paa zao. Tangu mwaka 2009 hivi yakaanzishwa mafunzo ya takriban juma moja kila mwaka kwa vijana wa vijiji hivyo: kurusha mshipi, kufunga nzi, kumtazama mgeni asizame, kumhudumia kwa heshima, na kuelewa kwa nini mto ukichafuliwa kazi nayo imekufa. Jambo hili la mwisho halikuwa la nadharia. Juu ya mito hiyo kulikuwa na mpango wa mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu uitwao Pebble, na Januari 2023 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kutupa taka za mgodi huo katika maji ya eneo lile. Sisemi kwamba vijana wa ufito ndio walioshinda shauri hilo. Nasema kwamba kijana anayepata mshahara kutokana na maji safi hahitaji kuhubiriwa juu ya mazingira.

Karibu zaidi nasi, katika Mto Bokong wa Lesotho, unaoingia bwawa la Katse, jumuiya ya Makhangoa ina ubia katika kambi ya wavuvi wa namna hii. Nchini Tanzania, katika bonde la Kilombero, wageni husafiri kutoka mabara ya mbali kwa ajili ya kibebe, samaki mwenye meno kama ya mbwa, katika mito ya Mnyera na Ruhudji. Angalieni tofauti. Trauti wa Gura aliletwa na meli. Kibebe wa Kilombero na samaki wa manjano wa Bokong walikuwapo tangu hapo.

Sasa turudi Cyanzarwe.

Kata hiyo, ambayo wenyewe huiita umurenge, iko kaskazini ya mji wa Gisenyi, ikipakana na Kongo. Ardhi yake ni ya volkeno: yenye rutuba, nzuri kwa viazi mviringo, karoti na vitunguu, lakini mvua hupenya upesi katika mawe yake meusi, na mito ya kudumu ni adimu. Kwa ufupi, Cyanzarwe haina mto wa trauti, na haifai kuupata. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu mwenye nia njema na fedha mkononi wazo lake la kwanza huwa ni kuleta samaki. Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, akaleta viwanda na fedha za kigeni, akamaliza mamia ya aina za furu ambao hawatarudi. Ni kweli kwamba sambaza wa Ziwa Kivu naye aliletwa kutoka Tanganyika mnamo mwaka 1959, akawa kitoweo cha maelfu ya watu wa pande zote mbili. Lakini bahati ya mara moja si ruhusa ya kucheza kamari kila mara.

Kijana wa Cyanzarwe ana samaki mwingine wa kumfikiria. Katika Ziwa Kivu na Mto Ruzizi yumo samaki mkubwa wa jamii ya barbu, mwenye magamba mapana na nguvu nyingi, ambaye wataalamu humwita Labeobarbus altianalis. Jina hilo refu nalitaja kwa sababu moja. Neno lake la kwanza ndilo jina la jamii ya yule samaki wa manjano wa Bokong, anayewafanya watu wapande ndege na farasi kwenda Lesotho. Ni ndugu. Huyu wetu naye ni mwenyeji, hakuletwa na mtu. Kutoka Cyanzarwe kushuka hadi ufukweni ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, na hapohapo jirani uko Mto Sebeya unaomwaga maji yake ziwani kusini ya Gisenyi.

Na hapa yafaa tuseme kweli. Sebeya si mto wa picha za kalenda. Mashamba ya miteremkoni na machimbo ya madini vimeutia matope kwa miaka mingi hata ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, ulifurika pamoja na mito mingine, na katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini zaidi ya watu 130 walipoteza maisha. Baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu walikuwa miongoni mwa walioitwa usiku ule kuokoa watu. Kazi ya kupanda miti, kuchimba matuta na kuzuia maji imefanyika na inaendelea. Lakini mvuvi wa nzi wa bandia anahitaji maji ambayo samaki anaweza kuona ndani yake. Kwa hiyo miaka ya mwanzo darasa la kijana huyu litakuwa ziwani, kwenye miamba na midomo ya mito, na Sebeya utakuwa mgonjwa wake wa kumpima joto.

Afundishwe nini? Watu hudhani ni kurusha mshipi. Hilo ni jepesi kuliko yote, wala halihitaji maji. Uwanja wa mpira unatosha: yatandazwe mabeseni matatu juu ya nyasi, ndoana iondolewe na mahali pake pafungwe kishada cha sufu nyekundu, na kijana ajizoeze mpaka sufu iangukie ndani ya beseni la mbali mara tisa katika kumi. Mwezi mmoja wa jioni baada ya shamba utamfikisha.

Kazi ngumu ni kuyasoma maji. Samaki wa mtoni huelekeza kichwa juu, mkondo unakotoka, kwa sababu chakula na hewa humjia kutoka huko. Hapendi kusimama katika mbio za maji, maana atachoka; hapendi wala maji yaliyolala, maana hayamletei kitu. Hukaa mpakani mwa hayo mawili, nyuma ya jiwe au kando ya ukingo uliochimbika, akitoka kidogo kunyakua na kurudi. Kijana afunue mawe ya mtoni atazame wadudu wachanga walioshikamana chini yake, kwa sababu hao ndio chakula chenyewe, na nzi wa bandia wa siku ile hutengenezwa kwa mfano wao. Ajue kivuli chake kinaangukia wapi. Ajue maji ya asubuhi na ya alasiri si mamoja. Mtoto aliyelelewa akichota maji na kuchunga mbuzi anayo nusu ya elimu hii bila kuitambua, na kazi ya mwalimu mwema ni kumwonyesha kwamba anayo.

Kisha amlinde mgeni. Hapa askari mstaafu, mwanamume au mwanamke, ana nafasi kuliko mwalimu yeyote kutoka ng'ambo. Nyuzo nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa kaboni, nayo hupitisha umeme. Na wilaya za magharibi mwa Rwanda, Rubavu na Rutsiro zikiwamo, zinajulikana kwa radi zinazoua. Kiongozi akisikia ngurumo ya kwanza, hata samaki wawe wanaruka, aamuru nyuzo zilazwe chini na watu watoke majini. Asiombe, aamuru. Maji ya mto yakibadilika rangi ghafla, au vijiti na majani vikianza kuelea wakati hapo mlipo jua linawaka, maana yake mvua imenyesha juu na mafuriko yako njiani. Na iko hatari nyingine ya huku kwetu ambayo mgeni haijui kabisa: mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini kwenye pwani ya kaskazini ya Kivu, hasa upande wa Goma, ikijikusanya mabondeni na katika mashimo ya mawe ya volkeno wakati wa usiku usio na upepo. Haionekani, na mtu anayeinama ndani yake huweza kuanguka asiamke. Mgeni akipenda kupumzika alfajiri katika kishimo kizuri chenye kivuli, kiongozi ndiye wa kusema hapana.

Samaki naye ana haki zake. Mikono ilowanishwe kabla ya kumgusa, maana mkono mkavu humvua ule utelezi unaomkinga na magonjwa. Ndoana iwe haina kijino, au kijino kibanwe kwa koleo. Asikae nje ya maji kuliko muda ambao wewe mwenyewe ungeweza kuzuia pumzi. Akirudishwa, ashikwe taratibu kichwa kikielekea mkondo hadi aondoke kwa nguvu zake. Akisukumwa kabla ya hapo atapinduka na kufa mbali na macho ya wenye kumsifu.

Lugha haitakuwa kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Kiswahili, kilichokuwa lugha ya soko la Gisenyi na ya askari muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kinamtosha kijana kuzungumza na wageni wa Goma, Bujumbura na Nairobi. Kwa wengine ajifunze maneno mia mbili ya Kiingereza au Kifaransa, yale ya mto na ya usalama kwanza. Ajifunze pia kunyamaza. Mgeni aliyekuja mtoni kutuliza roho hataki kusimuliwa habari tangu asubuhi hadi jioni.

Akina mama, msidhani ninyi nimewasahau. Iko sehemu ya kazi hii inayofanyika mezani, ndani ya nyumba, mvua ikinyesha. Kenya kwa miaka mingi imekuwa na karakana ambamo nzi wa bandia hufungwa kwa mkono na kuuzwa Ulaya na Marekani, na wengi wa wafungaji ni wanawake. Kinachotakiwa ni kibanio kidogo cha chuma, uzi mwembamba, ndoana, manyoya ya shingo ya jogoo na vidole visivyo na haraka. Mwanamke wa Rwanda anayesuka kikapu cha agaseke, ambacho mzunguko wake mmoja ukikosewa kazi yote hupinda, vidole hivyo anavyo. Jogoo wa sikukuu asinyonyolewe kwa maji ya moto kabla ya manyoya ya shingo kutolewa makavu na kupangwa kwa ukubwa katika bahasha. Nzi mia moja wa kwanza watakuwa wabaya. Wasiuzwe; wapewe vijana wawapoteze katika miamba.

Limebaki jambo la fedha, na hapa nawasihi wazazi wasidanganyike. Huu ni uvuvi wa msimu. Hata huko Alaska kiongozi hufanya kazi miezi michache ya kiangazi tu. Mgeni huja kwa hiari yake, na hiari hiyo hukatika kwa kishindo kimoja. Januari 2025 vita vilipofika Goma, makombora yalivuka mpaka na kuua watu upande wa Rubavu. Baada ya siku kama hizo hakuna mtu wa ng'ambo anayeuliza bei ya kuvua barbu. Basi shamba la viazi lisiuzwe ili kununua ufito. Kazi hii iwe ya pili, pembeni ya jembe, na wanaoifanya wawe katika ushirika wenye daftari la hesabu. Mshahara wa siku uandikwe kabla ya mgeni kufika. Bakshishi ni ya shukrani, nayo isigeuzwe kuwa mshahara kama wafanyavyo waajiri wajanja. Vibali vya uvuvi vikatwe mapema, na polisi wa majini wajulishwe ni nani watakuwa ziwani na saa ngapi.

Wako watakaosema kwamba kipato cha namna hii ni kidogo mno kushindana na mzigo unaobebwa usiku kwa njia za panya, ambao humlipa kijana wa mpakani kabla ya mapambazuko. Askari wanaolinda mpaka huo wanafahamu bei yake nyingine. Wamewahi kuangaza tochi na kukuta uso wa mtoto wa umri wa mwanao. Mimi sina hesabu ya kuonyesha kwamba ufito utamshinda mzigo. Ninaloliona ni kwamba kijana aliyezoea kutembea gizani bila kuteleza, kusikiliza kabla ya kukanyaga, na kukumbuka kila jiwe la njiani, ana ujuzi ambao mgeni angelipia mchana.

Kwa kuanza havihitajiki vingi: mabeseni matatu, kishada cha sufu, ufito wa mwanzi, na uwanja siku isiyo na mechi. Tena daftari moja, ambalo watoto wa shule wanaopita daraja la Sebeya waandike kila asubuhi tarehe, rangi ya maji, na kama jiwe walilolichagua linaonekana au limefunikwa.